Usinizike Juani

Alistidia, mke wa Buberwa, alikuwa na tabia moja iliyonikera miaka kumi na tisa: hakujua kulalamika. Ukimwambia mvua imechelewa, anakwambia basi tumepata nafasi ya kumaliza kupalilia. Ukimwambia panya wamekula maharage, anakwambia afadhali wameacha ya mbegu. Mimi ni mtu wa kusema. Kitu kikiuma nasema kinauma, na kikiendelea nasema tena kwa sauti. Sasa kaa mpakani na mtu wa namna hiyo, kila asubuhi unamwaga malalamiko yako upande wa pili na hakuna kinachorudi.

"Nyie Walutheri," nilikuwa namwambia, "mmekatazwa hata kuguna?"

"Vestina, wewe unaguna vya kutosha nyumba zote mbili."

Mimi Mkatoliki, yeye Mlutheri, na kati ya kibanja chake na changu hapa Izimbya hakuna ukuta, kuna mstari wa mimea ya mpaka tu, ambayo mbuzi wangu hawakuwahi kuiheshimu. Kibanja, kwa asiyetoka huku, ni lile shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Humo ndimo tunamokula, na humo ndimo tunamozikwa.

Hakuzaliwa huku. Kwao ni Ngenge, Muleba, kwa watu wa mahindi. Buberwa alimleta akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, hajawahi kupogolea mgomba. Inasemekana wiki ya kwanza alikata majani mabichi, yale makavu akayaacha yananing'inia, na mama mkwe wake akakaa chini, mikono kichwani, kama mtu aliyeletewa msiba. Buberwa akamshika mkono akamzungusha shina moja baada ya jingine akimtajia aina ya ndizi na ukoo wake: hili ni nshakara, hili nchoncho, huyu ni mama, huyu mtoto, huyu mjukuu, mjukuu usimguse. Baada ya miaka michache hapakuwa na mwanamke kijijini aliyemshinda kwa kisu. Nilipoolewa huku nikiwa mjuaji wa kila kitu, ni yeye, mtu wa Ngenge, aliyenionyesha kwamba sijui.

Walizaa watoto watatu. Wawili walikufa wadogo, mmoja wa miezi mitano, mwingine wa miaka mitatu, kwa malaria. Wakazikwa nyuma ya nyumba, pale Buberwa alipokuja kuwa na mashina tisa ya nchoncho yaliyokaribiana hata mchana pakawa na giza la kijani. Aliyebaki ni Joanitha, fundi cherehani, ana kibanda chake Rwamishenye mjini. Katika miaka yote hiyo sikumsikia Alistidia akimlaumu Mungu kwa wale wawili. Nilimsikia akishukuru kwa huyu mmoja, na kila alipofanya hivyo nilitaka kumfinya.

Mwaka juzi Buberwa akapigwa kiharusi. Alianguka mlangoni akiwa na kikombe cha chai mkononi, upande wote wa kulia ukafa. Akalazwa wiki tatu, akarudishwa, akawekwa kitanda chake karibu na dirisha la nyuma. Nilikwenda kumpa pole mkewe nikiwa nimejiandaa kulia naye.

"Mukama asiimwe," akaniambia, yaani Bwana ashukuriwe. "Amemwachia mdomo."

Ni kweli alimwachia mdomo, ingawa ulikuwa umeenda upande. Maneno yalitoka polepole na yamepinda, lakini utani haukupinda. Mkewe alikuwa anamlisha ndizi zilizopondwa kwa kijiko, na mzee anasema, "Mtu wa Ngenge huyu, angalia, atanipa ugali siku moja, nitakufa kwa aibu."

"Ugali ungekuponya," anamjibu. "Fungua mdomo."

Siku moja nilikuwa nimekaa nao. Buberwa akatazama nje dirishani, kwenye yale mashina tisa. Kisha akasema, "Mama Joanitha."

"Abee."

"Nikifa nataka pale. Katikati ya wale wawili."

"Utakufa lini tuandae chai?"

"Sitanii." Na kweli hakuwa anatania, jasho lilikuwa limemtoka. "Usinizike juani. Baba yangu alizikwa palipokatwa migomba, kaburi likapasuka kama udongo wa barabarani. Nataka majani juu yangu. Unasikia?"

"Nimesikia, Baba Joanitha."

"Niahidi."

"Nimeahidi. Meza."

Ndiyo ahadi pekee niliyowahi kumsikia akimpa mtu mbele yangu, na kuanzia siku hiyo aliishi kwa ajili yake. Alikuwa akimgeuza mzee kitandani, anakwenda kuangalia wale nchoncho; anampikia, anakwenda kuwaangalia; anafagia majani, anaweka mbolea ya zizi, anategemeza wenye mikungu mizito. Mumewe alikuwa anaondoka kidogo kidogo na yeye alijua. Kumwokoa mgonjwa asingeweza. Kivuli angeweza.

Sasa nifike kwangu, na nitafika haraka kwa sababu si pazuri.

Mimi na Alistidia tulikuwa tunapogolea kwa zamu. Leo kwangu wote wawili, kesho kwake wote wawili, yeye anakata na mimi nakusanya. Kisu kilikuwa kimoja, cha kwake, kile chenye mpini mrefu alichokinoa Buberwa hadi kikabaki chembamba kama jani. Wanawake wengi wa huku wanafanya kazi hivyo, maana peke yako kibanja kinakushinda, na tena mdomo hauna wa kuongea naye.

Mwaka jana, miezi ya mwanzo, niliona kwangu mashina mawili yanageuka manjano wakati si wa jua. Nikakata ndizi moja ya mkungu uliokuwa bado mchanga. Ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Nilijua. Tulikuwa tumefundishwa wote pale ofisi ya kijiji kuhusu ugonjwa huu wa mnyauko: kwamba ukiona manjano useme, kwamba unatembea kwa kisu, kwamba shina lenye ugonjwa linang'olewa lote na kufukiwa. Lakini binti yangu Dativa alikuwa anatarajia wageni wa kumposa mwezi huo. Nani atakuja kuposa kwenye kibanja kinachooza? Watasema nyumba hii ina balaa. Nikayakata yale mawili mwenyewe jioni, nikayafunika kwa majani makavu, nikajiambia ni ukame. Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu ya kwangu. Alistidia akaja na kisu chake, tukapogolea kibanja changu kizima tukiongea habari za posa. Kesho yake tukapogolea cha kwake.

Wageni walikuja. Posa ikapokelewa. Wiki nne baadaye nikamsikia Alistidia ananiita kutoka ng'ambo ya mpaka, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

Bwana shamba wetu, Burhani, alikuja na pikipiki yake siku ya pili. Kijana mpole, anaongea akitazama chini. Alipasua shina moja kwa Alistidia, likatoa maji mazito ya njano, kama usaha. Akazunguka kibanja chote. Kisha bila kuulizwa na mtu akavuka mpaka akaingia kwangu, akasukuma majani makavu kwa mguu. Tulikuwa watatu tunamsubiri: mimi, Alistidia, na Mujuni, mdogo wake Buberwa, mtu mwenye sauti ya mnadani.

"Ulianzia huku," akasema Burhani alipotoka.

Mujuni ndiye aliyeanza. "Huku wapi? Kwa huyu?" Akanigeukia. "Mama wa Kikatoliki! Rozari ndefu kuliko kamba ya ng'ombe, na umekaa na sumu unaifunika kwa majani? Kaka yangu amelala pale hawezi hata kufukuza nzi, na wewe umemletea kifo mpaka dirishani!"

"Mujuni," akasema Alistidia.

"Usiniambie Mujuni! Twende kwa mwenyekiti wa kijiji leo hii. Twende baraza la kata. Huyu aseme mbele ya watu!"

"Mujuni, kisu kilikuwa changu."

"Alijua!"

"Kisu kilikuwa changu, nilifundishwa nikichome motoni kila ninapotoka shamba moja kwenda jingine, na sikukichoma. Tulikuwa tunaongea habari za posa." Akamgeukia Burhani. "Mwanangu, niambie la kufanya. Wale wa nyuma watapona?"

Burhani akatazama upande wa nyuma ya nyumba. "Wale tisa sijaona dalili, mae, mama yangu. Ukiwang'oa hawa wote wa mbele na wa pembeni, ukachimba mtaro katikati, usiingie kule na kisu chochote, usiingie na viatu vya huku, wanaweza kupona. Wanaweza. Siwezi kukuahidi."

"Hujaombwa kuahidi. Umesema wanaweza. Mungu akubariki."

Nilitaka ardhi ifunguke. Angenitukana ningepumua. Mimi ningekuwa yeye, ningelia mpaka Kamachumu wasikie. Yeye alifunga kitenge kiunoni akaingia ndani kutafuta jembe.

Alianza kung'oa kesho yake. Kung'oa shina la mgomba si kukata. Unachimba mpaka mizizi, unatoa kila chipukizi, unakata vipande, unafukia. Mwanaume mwenye nguvu anamaliza machache kwa siku. Yeye ana miaka hamsini na nane. Burhani alileta vijana wawili wakasaidia siku tatu, halafu wakaitwa kwingine, maana ugonjwa ulikuwa umeingia kwa watu wengi. Mujuni alisaidia siku moja akaumia mgongo, na mgongo wake haukupona mpaka kazi ilipokwisha.

Mzee alikuwa anasikia. Dirisha lake lilikuwa la nyuma, hakuona, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Unakata nini?" akamuuliza siku ya kwanza.

Mimi ningemdanganya. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda na matope yake. "Migomba ya mbele inaumwa, Baba Joanitha. Naing'oa ili ya nyuma isiumwe."

Buberwa akalia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linaweza. Halafu akasema, "Hesabu wa nyuma."

"Tisa."

Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi anamuuliza na yeye anajibu tisa, kama watu wengine wanavyosalimiana.

Mimi sikuvuka mpaka wiki nzima. Nilikuwa nang'oa ya kwangu, nalia, nakunywa maji, naendelea. Siku ya nane nikavuka. Nilimkuta ndani ya shimo hadi magotini.

"Alistidia. Nimekuja."

"Nakuona."

"Nilijua. Niliona kabla hujaja na kisu. Nilificha kwa sababu ya posa ya Dativa."

Akaacha kuchimba. "Vestina, umekuja kutubu au umekuja nikupige?"

"Lolote."

"Kupiga siwezi, mikono imekufa. Sikiliza." Akaegemea mpini wa jembe. Hakuwa anatabasamu. "Nimekukasirikia. Usifikiri sijakukasirikia. Wiki nzima nikisali Baba Yetu nafika pale pa kusamehe, naruka. Natoka kwenye mkate wa kila siku naenda moja kwa moja majaribuni. Mungu amesikia sala yenye shimo siku saba."

Nikaanza kufuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Leo asubuhi nimepita pale," akasema. "Nimepita kwa shida, ulimi umekwama, lakini nimepita. Kwa hiyo usinirudishe nyuma kwa kulia hapa. Shika jembe."

Nikashika. Tuling'oa pamoja siku kumi na moja.

Ilipoondoka migomba, jua liliingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Mibuni iliyokuwa imezoea kivuli ikaanza kukunja majani. Nyumba ikaonekana kutoka barabarani, ndogo, chafu ubavuni, kama mtu aliyevuliwa nguo. Na ndani ya nyumba ya Muhaya ukaanza kuliwa ugali. Kaka yake Alistidia alimletea gunia la unga kutoka Ngenge, na mtu anapokosa ndizi huku ni kama amekosa chakula. Unaweza kushiba ugali mpaka koo na bado ukasema hujala. Nilimsubiri alalamike kwa hilo angalau.

"Mungu alijua," akasema huku anasonga. "Ndiyo maana aliniumba mtu wa ugali."

Buberwa akala kijiko cha kwanza, akatafuna upande ule mzima. "Nilisema nitakufa kwa aibu," akasema. Wakacheka wote wawili mpaka mzee akapaliwa, mkewe akampigapiga mgongoni, na nilipotoka nje niliwaacha bado wanacheka, na mimi huko nje nikalia.

Wale tisa walikaa wazima miezi minne. Alichimba mtaro kwa mikono yake. Aliweka beseni la maji yenye dawa ya kufulia mlangoni mwa ule mtaro, akavua viatu, akanawa miguu kila alipoingia. Maua ya mwisho wa mkungu aliyavunja kwa mti wenye panda, bila chuma, kama Burhani alivyoelekeza. Mbuzi wangu niliwafunga; na yule mmoja aliyekuwa hafungiki nilimuuza. Jumapili alikwenda kanisani kwao, na mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani alisimama akasema nina tisa. Watu hawakuelewa tisa nini. Akakaa.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, alinijia mlangoni asubuhi. Hakupiga hodi. Alisimama.

"Njoo uangalie. Pengine ni macho yangu."

Hayakuwa macho yake. Shina la tatu kutoka kwenye kaburi la yule wa miezi mitano, ua lilikuwa limesinyaa na kukauka ncha, na jani moja limekunjika katikati kama limevunjwa kiuno. Shina la jirani yake, vivyo hivyo. Mpaka leo hatujui ulipitia wapi. Nyuki, labda. Ndege.

"Asubuhi hii ameniuliza," akasema.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia tisa. Bado ni tisa, Vestina. Wamesimama."

Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na uongo ambalo nimewahi kumsikia akilisema.

Akaniambia atampigia Burhani simu Alhamisi, ajipe siku mbili. Sikubisha. Lakini Alhamisi alfajiri Buberwa alipigwa tena, na safari hii hata mdomo hakuachiwa. Alipumua mpaka saa tatu asubuhi. Mkewe alikuwa amemshika upande wa kulia, ule uliokufa zamani, nikamwambia ahamie kushoto ili amsikie, akasema, "Huu nao ulikuwa wake." Akafa hivyo.

Joanitha akaja mchana kutoka Rwamishenye. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Mujuni akashika uongozi, turubai, sufuria, wachimba kaburi, na kwa kweli alijua kazi hiyo. Akaenda nyuma ya nyumba kupima kaburi katikati ya wale wawili, chini ya nchoncho. Akarudi ameridhika. "Kaka atalala pazuri."

"Atalala hapo bila migomba," akasema Alistidia. "Inaumwa. Nimempigia Burhani. Kesho naing'oa."

Nilidhani Mujuni ataanguka. "Unasemaje?"

"Mashina mawili yameshaumwa. Saba mengine yamegusana nayo."

"Yanaumwa, yafe wiki ijayo! Nani anaharakisha? Jumamosi tunazika, Jumatatu unang'oa. Siku mbili, shemeji! Siku mbili!"

"Jumamosi watakuja watu mia mbili," akasema. "Wewe unajua wanafanya nini. Wanakata majani ya kukalia, wanakata majani ya kufunika chakula, wanakata ya kupangia ndizi, kila mmoja na kisu alichotoka nacho kwake. Ni msiba, nitamkataza nani? Halafu kila mmoja anarudi na kisu chake kwenye kibanja chake."

"Tutatangaza wasikate."

"Tulitangaziwa ofisi ya kijiji, mimi na Vestina. Tulisikia vizuri kabisa."

Mujuni akateremsha sauti, na alipoiteremsha ndipo nilipomhurumia. "Shemeji. Kaka yangu alikuomba kitu kimoja. Kimoja tu. Hakukuomba jeneza, hakukuomba kwaya."

"Aliniomba mimi, Mujuni. Nitamjibu mimi."

Joanitha alikuwa anasikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka na wanawake. Akasema, "Mama, hata Mungu hatakudai hilo."

"Sijasema ananidai."

Ijumaa tukaingia nyuma, mimi na yeye. Mujuni alisimama mbali, baadaye akachukua jembe akaja, wala hakusema mgongo. Tulianzia kwenye yale mawili. Alipofika kwenye shina lililokuwa kati ya makaburi, lililopandwa na Buberwa mwaka alipozikwa yule mtoto wa miaka mitatu, aliweka jembe chini, akaweka kiganja chake juu ya gogo la mgomba kama unavyopima homa ya mtoto. Nilimsubiri. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema kwa nini, na akisema nitasema naye, tutapiga kelele wawili.

Akasema kitu kwa Kihaya, polepole, na hakuwa anasema na Mungu. "Buberwa, nisamehe. Watu wana watoto."

Kisha akakata.

Walipozika ilikuwa saa nane mchana. Mwezi wa tisa huku jua halina aibu. Watu walikaa kwenye maturubai, na waliokosa nafasi wakafungua miamvuli. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, jasho linaingia kwenye kola. Udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka kabla hawajamaliza kufukia. Unaona rangi inabadilika unapoutazama. Wazee wa ukoo walinong'ona kwamba mwanamke amemzika mume wake kama mbwa wa barabarani, na hawakunong'ona kwa sauti ndogo. Alisikia. Alisimama pale mwanzo hadi mwisho bila mwamvuli. Joanitha alimletea, akaukataa. Nikasogea nikasimama karibu naye, na mimi bila mwamvuli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, mwinjilisti wao alikuja kufunga matanga kwa sala. Tulikuwa tumebaki wachache: Joanitha, Mujuni, mimi, wanawake watano wa jumuiya yao. Mwinjilisti akamwomba mjane aombe mwenyewe kama anaweza. Nilidhani atakataa. Akapiga magoti kwenye mkeka, akafumba macho.

Akashukuru kwa miaka thelathini na sita. Akashukuru kwa mdomo alioachiwa mzee ule mwaka na miezi, na utani uliotoka humo. Akashukuru kwamba alikufa akiwa amesikia tisa. Akashukuru kwa Joanitha, kwa unga wa Ngenge, kwa Burhani na pikipiki yake. Akamshukuru Mujuni kwa jina, na Mujuni akajifuta uso kwa kofia. Akasema, "Na Vestina, aliyeshika jembe," nikauma kitenge changu.

Halafu akanyamaza. Tukadhani amemaliza; mwinjilisti akafungua mdomo aseme amina. Yeye akainua mkono kidogo, akamzuia.

"Na lile la kivuli, Baba," akasema, na sauti ikamkatika, akaisubiri irudi. "Kwa hilo bado. Sitakusema kwa watu. Lakini kushukuru bado. Nitakuja nalo nikiweza."

Akakaa hivyo hivyo magotini. Mwinjilisti alituangalia, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema amina, mpaka Alistidia alipoisema mwenyewe.

Ni miezi minane sasa. Burhani ameruhusu tupande tena mvua zijazo, miche safi, na tayari tumeagiza. Kila Jumapili anakwenda kwao, mimi nakwenda kwetu, tukirudi tunakaa mpakani. Nalalamika, ananicheka. Juzi nilimuuliza kama ameshakwenda nalo lile la kivuli.

"Bado," akasema. "Lakini sijaacha kwenda."